Funda la Maji la Mzee Mghanga

Chrispine alipocheka kwa mara ya saba, Mwalimu Teresia alijifunika uso kwa daftari lake akatamani mabati ya ukumbi yamwangukie.

Si kwamba kicheko kilikuwa dhaifu. Kilikuwa kicheko cha haja, kimetoka tumboni, kikagonga ukuta wa nyuma wa ukumbi wa kanisa pale Kaloleni, Voi, na kurudi. Nje, mama mmoja aliyekuwa akipita na mboga alisimama kuchungulia dirishani aone nani anauawa. Lakini shida yenyewe ndiyo hiyo. Chrispine alikuwa fundi wa magari, mtu mpole ambaye hata mteja akimkosea, yeye ndiye anasema pole. Sasa alikuwa amepewa kuigiza mbaya wa mchezo, na kila mbaya aliyewahi kumwona kwenye maigizo maishani mwake alicheka hivyo.

"Mimi ndimi Mghanga!" akanguruma, kidole juu. "Roho yangu ni nyeusi kama makaa! Baba yako amekufa bila kukuona, Kombo, na ni mimi niliyepanga iwe hivyo! Ha-ha-haaa!"

"Simama," Teresia akasema. "Tafadhali, Chrispine, simama."

"Nimekosea wapi tena, mwalimu? Si nimesema tu vile umeandika?"

Na hapo ndipo palipouma, kwa sababu fundi alikuwa amesema neno kwa neno yale aliyoyaandika yeye mwenyewe, Teresia, aliyefundisha Kiswahili kwa miaka kumi na tisa. Mwalimu huyo kila mwaka husimama mbele ya darasa akieleza kwamba mhusika hujulikana kwa anayoyasema. Kufundisha alijua. Kuandika kulikuwa kunamtoa jasho, na joto la Voi saa nane mchana halikumsaidia.

Mwaka uliopita kikundi chao kilipeleka tanzia kwenye tamasha la kaunti kikarudi mikono mitupu. Majaji waliandika maoni yao kwenye karatasi, na karatasi hiyo Teresia alikuwa bado anatembea nayo ndani ya mkoba, imekunjwa mara nne. Ilisema: "Mbaya wenu anajitangaza kama mwuza sumu ya panya sokoni. Mtazamaji hana kazi ya kufanya." Aliposoma mara ya kwanza alikasirika. Aliposoma mara ya kumi alikasirika zaidi, maana alikuwa ameanza kukubali.

Mchezo wa safari hii ulitokana na kisa cha zamani cha ukoo wa Teresia kule milimani. Kijana Kombo yuko mbali, anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baba yake anaugua, anakaribia kukata roho, na anataka mwanawe aje ili yeye ampe neno la mwisho. Mjomba mtu, Mzee Mghanga, ndiye anayemuuguza mgonjwa, na hatumi habari. Kombo anafika, anakuta kaburi. Kisha mjomba anamsimamisha mbele ya watu, anafanya mapatano ya uongo, na Kombo, amevunjika moyo, anarudi mkongeni na kufia huko peke yake. Mchezo wote ulibebwa na ile hotuba ya mapatano. Ikishika, watu watalia. Isiposhika, watabaki na Chrispine akicheka.

Hotuba hiyo Teresia alikuwa ameiandika mara kumi na moja. Kumi na moja! Aliandika Mghanga anayetisha, akachana. Aliandika Mghanga anayelaani, akachana. Nicodemus, mwenyekiti wa kikundi na karani mstaafu wa reli, alimshauri amfanye kiwete ili watu wamwogope. Teresia alimtazama mpaka mzee wa watu akajifanya anatafuta miwani yake.

"Zimebaki wiki tano," Nicodemus akasema kwa sauti ya chini. "Nasema tu."

"Najua zimebaki wiki tano."

"Nasema tu, mwalimu."

Jumapili, kama ilivyo ada, mama yake alipiga simu kutoka Werugha. Mama Susan hakuwa mtu wa kuzunguka. Aliuliza kama mvua imenyesha huko chini, akaambiwa haijanyesha, kisha akauliza lile lile la kila Jumapili.

"Umeongea na mdogo wako?"

"Mama, tafadhali."

"Nimeuliza tu."

"Mimi nilishamwomba msamaha. Mbele ya ukoo mzima, na wewe ulikuwapo. Aliyeinuka akaondoka ni yeye. Sasa nimfuate kwake Salaita nikampigie magoti?"

"Mtoto wake sasa anaongea," mama yake akasema. "Juzi aliniita bibi kwenye simu."

Teresia hakuwa amemwona huyo mtoto tangu akiwa mchanga. Miaka miwili na nusu ilikuwa imepita tangu baba yao afariki, na tangu siku ile ya kumaliza matanga Sharon, mdogo wake, hakuwa amemtumia hata salamu. Ukoo mzima ulishasema kwamba Sharon ana kichwa kigumu. Teresia hakuwahi kusema hivyo. Aliwaacha waseme wao.

Alikata simu kwa hasira. Yeye ndiye aliyemuuguza Baba miaka mitatu, yeye ndiye aliyemleta Voi karibu na hospitali, na bado yeye ndiye wa kuulizwa kila Jumapili kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani.

Alhamisi ya wiki hiyo, katika chumba cha walimu, huku wenzake wakibishana kuhusu chai isiyo na sukari, hotuba ilikuja. Hakuitafuta. Alishika kalamu ili kusahihisha insha akajikuta anaandika pembeni mwa karatasi ya mwanafunzi, kisha akavuta karatasi yake, na kwa dakika kama kumi na tano mkono haukusimama. Hakuna kicheko, hakuna makaa. Alipoisoma alijua imeshika. Aliinuka akaenda kujimiminia ile chai isiyo na sukari akainywa yote kwa furaha.

Jumamosi alimpa Chrispine ile karatasi. Fundi aliisoma akiwa amekunja uso, kisha akaisoma tena kwa sauti, taratibu kwa sababu hakuzoea maneno mapole kwenye mdomo wa Mghanga:

"Kombo, mwanangu. Karibu nyumbani, na pole kwa safari. Sikukutumia habari kwa sababu nilikuonea huruma. Ulikuwa na mzigo wako huko mkongeni, nikasema, kwa nini nimwongezee mwingine? Nimeubeba peke yangu, na silalamiki. Sasa kama kuna mtu ana jambo moyoni, namwombea aliondoe. Mimi sina neno na mtu. Nakutakia amani, mwanangu, na Mungu akulainishe moyo." Chini yake palikuwa na maelezo: anachukua funda la maji, anatasa.

Chrispine alikuna kichwa. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Huyu mzee si sasa amekuwa mtu mzuri?"

"Ndiyo uzuri wake."

"Na hii kutasa ni nini? Anatema mate?"

Waigizaji wa milimani walicheka. Chrispine alikuwa amezaliwa hapo Kaloleni, lakini kwao ni Busia, babu yake alikuja na kazi ya reli, na mambo ya kutasa hakuwahi kuyaona. Teresia alijaribu kumweleza. Akasema ni desturi ya Wadawida, watu wa milimani, ya kuondoa hasira, mtu anachukua kinywaji mdomoni, anapuliza, anatoa maneno ya baraka. Chrispine akajaribu. Akanywa maji, akavimbisha mashavu, akampulizia Musyimi, aliyekuwa akiigiza Kombo, usoni kabisa. Musyimi akapiga kelele, Ajwang' aliyekuwa mke wa Kombo akaanguka kwenye benchi kwa kicheko, na mazoezi yakaisha hapo. Hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na inafanyiwa mzaha. Teresia alikusanya vitu vyake bila kuaga.

Jioni hiyo alimpigia mama yake amwombe ateremke Jumamosi inayofuata, awaonyeshe jinsi inavyofanywa. Ni kosa ambalo angelijutia, lakini wakati huo aliona ni akili.

Mama Susan alifika amevaa sweta lake la Werugha kwenye joto la Voi na hakukubali kulivua. Aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya jukwaa, mkoba magotini, akaomba kwanza aone wanavyofanya wao. Chrispine, kwa kumheshimu mama, hakunguruma hata kidogo. Alisema maneno ya Mghanga kwa ile sauti yake ya kila siku, ile anayowaambia wateja kwamba gari litakuwa tayari kesho. Akafika mwisho, akachukua funda, akapuliza chini kwa adabu.

Wanawake wawili wa milimani waliokuwa wamekaa nyuma waliguna kwa pamoja.

"Huyo ni mtu mbaya," Mama Susan akasema.

Chrispine alishtuka. "Mimi, mama?"

"Si wewe, mwanangu. Huyo mzee wako. Sijaona mtu mbaya kama huyo." Aligeuka kwa wengine. "Mmesikia hakusema?"

"Hakusema nini?" Nicodemus akauliza.

"Hasira yake. Anayetasa ni yule aliyekasirika. Wazee walitumia maji ya miwa, sisi watu wa kanisa tunatumia maji tu na kumalizia kwa Baba Yetu, lakini mwanzo ni ule ule. Kwanza unasema. Nilikasirika na fulani, kwa sababu hii na hii. Unaitoa nje watu waisikie. Ndipo unachukua maji, unapuliza, na hasira inatoka nayo. Usipoisema inabaki ndani, na itamla mtu nyumbani humo." Alimwelekezea Chrispine kidole. "Huyu mzee amemtaja kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Bila lile neno, amenyunyiza maji tu, kama mtu anayepiga pasi."

Ukumbi ulicheka, na Mama Susan, aliyezoea kuendesha chama cha akina mama kanisani, hakuwaachia hapo. Aliwataka warudie hotuba mstari kwa mstari.

"'Nilikuonea huruma.' Nani alimwomba huruma? Yule kijana alitaka habari. 'Silalamiki.' Analalamika hapo hapo! 'Mungu akulainishe moyo.' Kwa hiyo mwenye moyo mgumu ni nani? Ni Kombo, aliyefiwa. Amekuja kuombwa msamaha, anaondoka akiwa yeye ndiye mkosaji."

"Haki ya Mungu, huyu ni shemeji yangu kabisa," Ajwang' akasema, na sasa hata Chrispine alikuwa ameelewa. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyesikia mahali injini inagonga. Akaomba arudie. Akairudia kwa upole zaidi, akashika bega la Musyimi kwenye lile neno "mwanangu", na safari hii hakuna aliyecheka.

Walipomaliza walimpigia Teresia makofi. Nicodemus akasema hiyo ndiyo inaitwa akili, kumficha mtu ndani ya maneno matamu na kuacha tundu moja tu la kumchungulia. Teresia alitabasamu na kuinamisha kichwa kama mtu aliyepanga yote. Ukweli ni kwamba hakuwa amepanga. Lile neno lililokosekana hakujua kwamba limekosekana. Alikuwa ameandika kutasa kama alivyokujua yeye, na kwake yeye hotuba ilikuwa kamili.

Watu walipotawanyika, mama yake alibaki kitini.

"Uliyatoa wapi maneno haya?"

"Yalikuja tu."

"Yalikuja tu," mama yake akarudia. "Teresia. Siku ya kumaliza matanga ulishika glasi ya maji mbele ya watu. Ulimwambia Sharon hukumpigia kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga, ulimwonea huruma. Ulimwambia huna neno na mtu. Ulimwambia Mungu amlainishe moyo."

"Sikusema hivyo."

"Nilikuwa nimesimama karibu nawe kama hapa."

"Mama, hiki ni kisa cha zamani. Cha akina babu."

"Cha zamani!" Mama Susan akainuka, akajiweka sawa sweta. "Nimeona mchezo wako. Ni mzuri sana. Nitamwambia Sharon aje auone."

Teresia alirudi nyumbani kwake kwa miguu, na kila hatua alikuwa akijitetea. Hakuwa Mghanga. Mghanga ni mwovu wa jukwaani, na yeye ni mtu aliyemwogesha baba yake kwa mikono hii. Mtu hawezi kukaa miaka mitatu akibadilisha shuka halafu aitwe mbaya kwa sababu ya simu moja. Alifika akavua viatu, akaketi, akatoa ile hotuba, na jinsi alivyoisoma ndivyo alivyosikia sauti. Haikuwa ya Chrispine wala ya mzee yeyote wa zamani. Ilikuwa ile yake ya mbele ya watu, ile nzuri.

Jumamosi iliyofuata alikuja na hotuba mpya. Mghanga alikuwa amerudishiwa makaa yake na kicheko chake.

Chrispine aliisoma akairudisha mezani. "Mwalimu, hii hapana."

"Mimi ndiye mwandishi."

"Ni kweli. Lakini yule wa wiki iliyopita namjua. Nimelala naye wiki nzima kichwani. Huyu wa leo ni yule wa sumu ya panya."

"Chrispine, nimesema tunabadilisha."

"Kwa nini?"

Aliwatazama wote, Nicodemus na miwani yake, Ajwang', na Musyimi. Akasikia mdomo wake unajibu wenyewe: "Nawaonea huruma tu. Ile ni ngumu, sitaki kuwabebesha mzigo." Ajwang' alitoa macho, akamwangalia, halafu akaangalia chini. Teresia alichukua karatasi yake mpya akaikunja mara nne, akaitia mkobani pamoja na ile ya majaji.

Hotuba ikabaki.

Tamasha lilifanyika Wundanyi, katika ukumbi uliojaa mpaka watu wakasimama kando ya madirisha. Saa sita mchana ukungu ulikuwa bado haujatoka mlimani, na waigizaji wa Voi walikuwa wanatetemeka ndani ya mashuka yao. Teresia alisimama nyuma ya pazia na nakala ya mchezo mkononi, tayari kumkumbusha atakayesahau. Kupitia mwanya wa pazia alimwona mama yake safu ya tatu. Kando yake aliketi Sharon, amenenepa kidogo, na mapajani mwake mtoto wa kike aliyevaa kofia ya sufu, akichezea chupa ya maji.

Alitamani Chrispine asahau kila kitu.

Chrispine hakusahau neno. Alimshika Kombo begani akamwita mwanangu. Alipofika "silalamiki" sauti moja huko nyuma ikasema "Aaah, mzee!" na watu wakacheka kicheko kifupi cha hasira. Alipochukua lile funda bila kusema lile linalopaswa kusemwa kwanza, ukumbi mzima wa watu wa milimani uliguna. Mama mmoja alisimama kabisa: "Sema! Sema kwanza!" Chrispine akapuliza maji yake chini kwa adabu, akatabasamu, na watu wakaanza kumzomea. Majaji walikuwa wameinua vichwa kutoka kwenye karatasi zao. Mwaka mzima Teresia alikuwa ameiota dakika hii.

Hakuifaidi. Sharon alikuwa ameinuka, mtoto kiunoni, anapenya kati ya magoti ya watu kuelekea mlangoni.

Teresia alimsukumia Nicodemus nakala ya mchezo. "Shika."

"Lakini mwalimu, mimi miwani..."

Alishamwacha. Alizunguka kwa mlango wa nyuma akamkuta mdogo wake kando ya ukuta, anamfunga mtoto kofia ambayo haikuwa imefunguka.

"Sharon."

"Umenitoa Salaita nije nione hii?"

"Ni Mama ndiye alikuita."

"Aliniambia nikae mbele." Sharon hakuwa amemtazama bado. "Watu wote hawa wamemzomea yule mzee. Mimi siku ile hakuna aliyezomea. Waliniambia nina kichwa kigumu."

"Nisikilize. Mimi, mdogo wangu, kama kuna mahali nilikukosea..."

"Endelea," Sharon akasema. "Najua yanavyoendelea. Saa hii utaniambia huna neno na mtu."

Teresia alifunga mdomo. Alitafuta namna nyingine ya kuanza na kila aliyoipata ilikuwa na harufu ya Mghanga. Nakuelewa. Tusahau yaliyopita. Tuwe kitu kimoja kwa ajili ya Mama. Yote yalikuwa matamu na hakuna hata moja lililokuwa na yeye ndani. Alijichukia, akamchukia na Sharon kwa kusimama pale akingoja, na pale kwenye kumchukia ndipo alipoliona lile neno, limekaa mahali pake miaka yote.

"Nilikukasirikia," akasema.

Sharon akainua macho.

"Simu nilikuwa nayo mkononi. Daktari aliniambia Jumatatu, waite wote. Nikawaita wote. Nilimpigia hata binamu wa Mombasa ambaye Baba alikuwa hampendi. Wewe sikukupigia mpaka Alhamisi, na Alhamisi alikuwa amekwisha kwenda. Haikuwa sababu ya mtoto. Mtoto nilimfikiria baadaye, nikitafuta la kuwaambia watu. Uliolewa ukaenda zako, ukaniachia wazee. Mimi nilimwogesha. Nilimlisha kwa kijiko. Na kila asubuhi anafungua macho, ananiangalia mimi, anauliza, Sharon yuko wapi? Kila asubuhi. Nikasema, haya. Nilitaka ufike umechelewa, Sharon. Nilitaka hivyo."

Ndani ya ukumbi watu walikuwa bado wanamzomea Chrispine. Sharon alikuwa amesimama tu, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto.

"Aliniulizia?" akasema mwishowe.

"Kila asubuhi."

"Hukuniambia. Miaka miwili na nusu nimelala nikijua alikufa bila kunikumbuka."

Kwa mara ya kwanza Teresia hakutafuta la kujibu. Sharon alichukua ile chupa ya maji kutoka mkononi mwa mtoto, akaifungua kwa meno, akamnyooshea dada yake. Teresia alichukua funda moja. Maji yalikuwa na ladha ya biskuti ya mtoto. Aligeukia upande wa bonde, akapuliza, na upepo wa Wundanyi ukamrudishia nusu yake usoni. Mtoto alicheka, akataka afanye tena.

Akamrudishia Sharon chupa, akangoja na yeye anywe. Sharon aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaifunga kifuniko, akakikaza.

"Mimi yangu bado," akasema.

"Sawa."

"Sijui nitaisema lini."

"Sawa, Sharon."

Sharon akaitia chupa mkobani, akajifuta uso kwa bega. Leso yake ilikuwa imemlegea kiunoni na ilitaka kuanguka. Alitazama huku na huku pa kumweka mtoto. Chini palikuwa na tope, na hapakuwa na mtu mwingine.

"Nishikie mtoto," akasema, "nijifunge."